Gari la Marehemu Baba: Kumbukumbu au Haki ya Watu?

 



Juma hili nimekusudia kuzungumza juu ya jambo ambalo kwa juu juu linaonekana ni la dunia tupu, nalo ni kuuza gari bovu la zamani. Huenda mtu akauliza, gari bovu na mimbari wapi na wapi? Naomba msomaji awe na subira. Dini yetu haikuacha kitu chochote kilichomo mikononi mwetu bila ya kukitolea hukumu, na mara nyingi mtihani wa mja haumjii kupitia mambo makubwa anayoyaogopa, bali kupitia kitu kidogo alichokizoea, kilichokaa uani kwake miaka mingi mpaka akasahau kujiuliza ni cha nani.

Nitakayoyaeleza yamenikuta mimi mwenyewe. Sipendi kujieleza magazetini, lakini nimeona kuwa nikimsema mtu mwingine nitakuwa nimesengenya, na nikisema kwa jumla tu kila mmoja atadhani anaambiwa jirani yake.

Gari lenyewe

Marehemu baba yetu, Allah amrehemu, alikuwa na duka la vyakula Ngamiani, mjini Tanga. Mwaka 1971 alinunua gari aina ya Peugeot 404 kutoka kwa meneja mmoja wa shamba la mkonge aliyekuwa anarejea kwao. Wasomaji vijana huenda hawalijui gari hili, lakini watu wa makamo wanalijua vizuri. Lilianza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1960, umbo lake likiwa limechorwa na Pininfarina wa Italia. Injini yake ililazwa upande, na gia zake zilikuwa kwenye usukani. Barabara zetu za vumbi na matope ndizo zilizolipa jina. Katika mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki, Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 uliletwa na Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa Tanzania, pamoja na mwenzake Chris Rothwell. Mwaka 1963 na mwaka 1968 njia ilikuwa ngumu kiasi kwamba kati ya magari yote yaliyoondoka, ni saba tu yaliyofika mwisho.

Peugeot 404 zilikuwa nyingi, lakini ile ya baba haikuwa ya kawaida. Nyingi zilikuwa zikitumia kabureta. Yake ilitoka kiwandani na pampu ya Kugelfischer ya Kijerumani, inayosukuma mafuta kwenye injini. Aina hiyo ilikuwa chache tangu zamani, na leo kuikuta ikiwa na rangi yake ya mwanzo, viti vyake vya mwanzo na vioo vyake vya mwanzo ni jambo la nadra sana.

Sisi watoto hatukuyajua hayo. Tulilolijua ni kwamba gari la baba lilikuwa la mtaa mzima. Mjamzito akishikwa na uchungu usiku, waligonga dirisha la baba, naye akaamka akampeleka Bombo. Maiti akifa shamba, familia yake ilichukuliwa na gari lile. Bibi harusi alipelekwa kwa mumewe na gari lile. Kila Alkhamisi jioni baba aliliosha kwa mikono yake, na Ijumaa alipokwenda msikitini alijaza wazee wasioweza kutembea mpaka mlango ukawa haufungi.

Baba alifariki mwaka 1994. Alimwacha mama yetu, watoto wawili wa kiume na watatu wa kike. Duka liliuzwa, madeni yakalipwa, kilichobaki kikagawiwa. Nyumba tulikubaliana wote kwa ridhaa zetu mama aendelee kukaa. Gari halikutajwa. Kwa kuwa mimi ndiye mkubwa, ufunguo ulibaki mfukoni mwangu. Nililitumia kwa miaka miwili, likaharibika mwaka 1996, nikalipandisha juu ya matofali uani kwa mama na kulifunika turubai. Nikasema, Inshaallah nikipata fedha nitalitengeneza liwe kama jipya.

Ndugu zangu, maneno hayo niliyasema mwaka 1996. Nimeyasema kila Idi nilipokwenda Tanga, kwa muda wa miaka 27.

Tumaini refu

Hapa pana somo la kwanza. Wanazuoni wetu wamelitahadharisha sana jambo liitwalo tuulul amal, yaani urefu wa matumaini. Mja hujipangia kesho na kesho kutwa kama aliyepewa hati ya kuishi, na matokeo yake huahirisha wajibu wa leo. Mtu husema nitatubu nikistaafu, nitalipa deni nikiuza kiwanja, nitaanza kuswali nikishaoa. Mimi nilisema nitalitengeneza gari la mzee. Huo ulikuwa uongo niliokuwa nikijidanganya nafsi yangu, kwa sababu kila fedha zilipopatikana zilikwenda kwenye jambo jingine, na kutu haikunisubiri. Hewa ya bahari ya Tanga haina huruma na chuma.

Kibaya zaidi, kile kilichokuwa neema kwa mtaa mzima, kwangu mimi hakikumbeba mtu hata mmoja. Kuku wa mama walikuwa wakitaga kwenye kiti cha nyuma. Allah (S.W.) anatukumbusha katika Suratun Nahl aya ya 8 kuwa farasi, nyumbu na punda ameviumba ili tuvipande na viwe pambo, na kwamba anaumba vingine tusivyovijua. Maulamaa wa zama zetu wakiisoma aya hiyo hutaja magari na ndege. Angalia kuwa kupanda kumetangulizwa, ndipo likaja pambo. Mimi niliondoa kupanda, nikabakisha pambo, tena pambo lililofunikwa turubai lisilotazamwa na yeyote.

Swali la dada

Mwaka 2009 dada yangu anayenifuata alikuja kwangu Dar es Salaam. Mtoto wake alikuwa amechaguliwa kuingia sekondari na ada ilikuwa haijatimia. Tulizungumza mengi, na alipokaribia kuondoka akaniuliza kwa sauti ya chini, huku anatazama mikeka: "Kaka, hivi lile gari la baba halina thamani yoyote?"

Nikamjibu bila ya kufikiri: "Lile ni kumbukumbu ya mzee. Haliuzwi."

Akanyamaza. Nilimpa nauli na kitu kidogo, naye akanishukuru na kuniombea dua. Hakulitaja tena gari. Mwaka 2011 aliugua na kufariki dunia. Allah amsamehe na amfanyie wepesi.

Ndugu msomaji, wengi wetu tunaishi na dada wa namna hii. Kwa mila zetu za pwani, mwanamke akidai mirathi kwa kaka yake huonekana hana adabu, ana tamaa, anataka kuvunja udugu. Kwa hiyo hunyamaza. Sisi nasi tunauchukua unyamavu wake tukauita msamaha. Hapana! Kuona haya si kusamehe. Wanazuoni wamesema wazi kuwa mali inayochukuliwa kwa mtu kwa kumtia haya, hukumu yake ni kama iliyonyang'anywa. Mwenye haki anasamehe pale tu anapoijua haki yake, akaijua thamani yake, kisha akaiachia kwa moyo mkunjufu bila ya kuogopa lawama.

Tena Qur'ani haikuacha mwanya. Katika Suratun Nisaa aya ya 7, Allah (S.W.) ameweka fungu la wanaume na fungu la wanawake katika wanayoyaacha wazazi na jamaa, yawe machache au mengi. Zingatia hapo: machache au mengi. Hakusema nyumba na mashamba tu. Cherehani, kitanda cha samadari, saa ya ukutani na gari bovu juu ya matofali, vyote vimo humo. Kisha aya ya 11 na ya 12 zikataja mafungu, na aya ya 13 na ya 14 zikabainisha kuwa hiyo ni mipaka ya Allah, mwenye kuitii ana pepo na mwenye kuiruka ana adhabu. Hakuna fungu lililotajwa humo kwa jina la kumbukumbu.

Nilipojua na wao hawajui

Mwishoni mwa mwaka 2022 nilikwenda Tanga pamoja na rafiki yangu, fundi aliyefanya kazi miaka mingi katika gereji za Nairobi. Alipofunua turubai alisimama kimya. Akainama, akafungua boneti, akatazama vibati vya namba, akaniambia: "Maalim, unajua una nini hapa?"

Akanieleza. Tangu mwaka 2003 kumekuwa na mashindano ya magari ya kale ya Safari, yaliyowahi kupita Kenya na Tanzania, na yamewaamsha watu wenye kupenda magari ya miaka ile. Wapo wanaotafuta hasa gari ambalo halijaguswa, halijapigwa rangi mpya wala kubadilishwa viti. Kwa watu hao, gari lililochoka lakini la asili ni bora kuliko lililong'arishwa. Alikadiria kuwa linaweza kufika shilingi milioni ishirini na zaidi.

Hapo ndipo shetani aliponijia kwa mlango nisioutarajia. Ndugu zangu wote walilijua gari lile kuwa ni vyuma chakavu. Shemeji yangu alikuwa amewahi kusema lipimwe kwa kilo, watu wagawane hizo laki tatu. Nafsi ikaniambia: wewe ni mkubwa, umelitunza muda wote huu, wape laki tano wagawane, nawe chukua gari lako. Wote watafurahi. Hakuna atakayejua.

Naikiri nafsi yangu mbele ya wasomaji: nilikaa na siri ile kwa miezi kadhaa. Sikusema uongo. Nilinyamaza tu. Lakini upo unyamavu ambao mbele ya Allah ni uongo uliokamilika.

Ramadhani ya mwaka 2023 nilikuwa katika darsa baada ya swala ya Alasiri. Sheikh alikuwa anafasiri Suratul Fajr. Akafika aya ya 19 na ya 20, ambapo Allah (S.W.) anawalaumu watu wanaoila mirathi kwa ulaji wa pupa, wakaipenda mali kwa pendo la kupita kiasi. Sheikh akaeleza kuwa Waarabu wa zama za ujinga walikuwa hawawarithishi wanawake wala watoto, wakila fungu lao pamoja na la wenzao bila ya kubagua. Kisha akasema, asidhani mtu kuwa ujahili huo umekwisha, bali leo unavaa kanzu na kukaa safu ya mbele.

Siku ile nilikuwa nimekaa safu ya mbele.

Farasi wa Nabii Sulaiman

Kabla sijaendelea, nijibu swali. Je, ni haramu kupenda gari la kale au kulihifadhi? Si haramu. Katika Suratul Aaraf aya ya 32 Allah (S.W.) anawakemea wanaojiharamishia mapambo aliyowatolea waja wake. Mwenye gari lake la halali, alilolinunua kwa jasho lake, akalitunza kama linavyotunzwa farasi, hana dhambi madhali halimshughulishi na faradhi. Wala sheria haikulazimisha warithi wauze. Wakiwa wote ni watu wazima, wakaijua thamani, wanaweza kukubaliana walibakishe, au mmoja wao awanunulie wenzake mafungu yao kwa bei ya haki.

Lakini mapenzi ya kitu yana kipimo chake. Katika Suratu Swaad, kuanzia aya ya 30 mpaka ya 33, tunasimuliwa habari za Nabii Sulaiman (A.S.) alipoonyeshwa jioni farasi wazuri wenye mbio, akashughulika nao mpaka wakati ukapita, akaamuru warejeshwe kwake. Wafasiri wametofautiana. Wapo waliosema aliwapangusa miguu na shingo kwa mapenzi na kuwajali. Wengi katika waliotangulia wamesema kuwa walimpitisha swala ya Alasiri, naye akawachinja kwa ajili ya Allah, na wakaongeza kuwa Allah alimbadilishia kilicho bora kuliko farasi, nao ni upepo uliokwenda kwa amri yake. Na hilo la upepo limetajwa katika sura hiyo hiyo, aya ya 36.

Tazama pia maswahaba. Ilipoteremka aya ya 92 ya Suratu Aal Imran, inayofundisha kuwa mja haufikii wema mpaka atoe katika anavyovipenda, Abu Talha (R.A.) alikwenda kwa Mtume (S.A.W.) akatoa bustani yake ya Bayruha, iliyokuwa mbele ya msikiti, na ndiyo mali aliyoipenda kuliko zote. Mtume (S.A.W.) aliifurahia sadaka ile, akamshauri aigawe kwa jamaa zake wa karibu. Abu Talha akawagawia jamaa zake na watoto wa ami yake. Na imepokewa katika vitabu vya tafsiri kuwa Zaid bin Haritha (R.A.) alimleta farasi wake aliyempenda sana, akamtoa kwa ajili ya Allah.

Abu Talha alitoa mali yake mwenyewe, akawapa jamaa zake. Mimi nilikuwa nimeishika mali ya jamaa zangu, nikaiita mapenzi kwa baba. Wapi na wapi!

Kuweka wazi

Baada ya Idi nilikwenda Tanga. Nikawakusanya mama, mdogo wangu, dada zangu wawili waliobaki, na mume wa marehemu dada pamoja na watoto wake. Nikawaeleza yote: thamani ya gari, muda niliokaa nikiijua, na swali la marehemu la mwaka 2009. Mama alilia. Mdogo wangu alikasirika, na ana haki ya kukasirika. Dada yangu mdogo alisema: "Kaka, tulikuwa tunajua unalipenda, ndiyo maana hatukusema." Maneno hayo yalinichoma kuliko hasira ya mdogo wangu.

Tulikubaliana liuzwe. Kadi ya gari ilikuwa bado ina jina la baba, kwa hiyo nilikwenda Mahakama ya Mwanzo tukafuata taratibu za usimamizi wa mirathi. Nawanasihi wasomaji wasilipuuze jambo hili. Kukosa karatasi ndiko kunakowapa wajanja nafasi ya kuuza mali ya mayatima.

Dalali akampata mnunuzi Nairobi, mtu mwenye kukusanya magari ya kale. Kwa kutazama picha alikubali shilingi 24,000,000. Alikuwa tayari kutuma fedha na lori bila ya yeye mwenyewe kuja.

Hapa ukaja mtihani wa pili. Gari lile lilikuwa na aibu mbili zisizoonekana kwenye picha. Ya kwanza, mwaka 1983, wakati vipuri havipatikani, baba aliitoa ile injini yenye pampu ya Kijerumani akafunga injini ya kabureta kutoka kwenye 404 ya pikapu. Pampu imehifadhiwa katika sanduku la mbao, lakini injini ya mwanzo haipo. Ya pili, sakafu ya upande wa dereva imeliwa na kutu, imebandikwa bati na kufunikwa zulia.

Dalali akaniambia: "Bwana, biashara ni maneno mawili. Akiuliza mwambie, asipouliza nyamaza. Gari la zamani kila mtu anajua lina kasoro."

Ndugu zangu, maneno hayo ndiyo fiqhi ya masokoni mwetu leo, kuanzia Kariakoo mpaka kwenye yadi za magari. Lakini siyo fiqhi ya Mtume (S.A.W.). Yeye alipita sokoni kwa muuza nafaka, akatia mkono wake ndani ya rundo, vidole vikakutana na unyevunyevu. Mwenye mali akajitetea kuwa imenyeshewa na mvua. Mtume (S.A.W.) akamuuliza kwa nini hakuiweka juu watu waione, akabainisha kuwa mwenye kughushi si pamoja naye. Ona kuwa mnunuzi alikuwa hajauliza lolote. Ni wajibu wa muuzaji kusema kabla ya kuulizwa. Na katika hadithi nyingine ametufundisha kuwa wauzianao wakisema kweli na wakabainisha, hubarikiwa katika biashara yao, na wakificha na kusema uongo, baraka yake hufutwa.

Niliwauliza warithi wenzangu, kwani bei itakayoshuka ni yao pia. Mama akasema: "Mwanangu, baba yako hakuwahi kuuza mchele wenye mawe bila ya kusema. Usimwanzishie hilo kaburini."

Nikampigia mnunuzi, nikamweleza yote mawili. Alinyamaza kidogo, akaniambia amenunua magari mengi lakini muuzaji wa namna hii hajamzoea. Akashusha bei mpaka shilingi 19,200,000. Dalali alihesabu hasara ya shilingi 4,800,000. Mimi nilikuta usingizi usiku ule.

Mgawanyo

Nautaja mgawanyo ili wasomaji waone jinsi sheria ya Allah ilivyo nyepesi kwa anayetaka kuifuata. Ujira wa dalali na gharama za mahakama tulizilipa mimi na mdogo wangu. Mke wa marehemu, akiwa mumewe ameacha watoto, ana thumni, yaani moja ya nane, nayo ni 2,400,000. Saba ya nane zilizobaki ni za watoto, wa kiume fungu la wawili wa kike. Wanaume wawili na wanawake watatu ni mafungu saba. Kwa hiyo kila dada akapata 2,400,000, na kila kaka 4,800,000.

Marehemu dada alikuwa hai alipokufa baba, basi fungu lake ni lake, na kwa kufa kwake linahamia kwa warithi wake. Mumewe ana robo, 600,000. Mama yake ana sudusi, 400,000. Zilizobaki, 1,400,000, ni za watoto wake: wa kiume mmoja 700,000 na mabinti wawili 350,000 kila mmoja. Mtoto yule aliyekuwa akitafutiwa ada mwaka 2009 sasa ni mtu mzima, ana mke. Alizipokea fedha kwa mikono miwili, akasema, "Ahsante mjomba." Sikuwa na la kumjibu. Haki ya mama yake ilikuwa imemfikia ikiwa imechelewa kwa miaka 14, na ada ya mwaka ule hailipiki tena.

Kumbukumbu ya kweli

Mwezi wa Agosti 2023 lori lilikuja kulichukua. Wazee wachache wa mtaani walitoka kulitazama. Mmoja, aliyezaliwa mke wake akiwa ndani ya gari lile njiani kwenda Bombo, aligusa boneti akasoma Fatiha. Lori likashika njia ya Horohoro. Uani pakabaki matofali manne na doa la mafuta.

Nilidhani nitajisikia kama niliyemzika baba mara ya pili. Haikuwa hivyo. Niliona kama niliyeondolewa mzigo mabegani, na kwa mara ya kwanza katika miaka mingi nilimwombea dua bila ya kuona aibu. Mtume (S.A.W.) ametujulisha kuwa mwanadamu akifa amali zake hukatika isipokuwa kwa mambo matatu: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye kunufaisha na mtoto mwema anayemwombea. Chuma hakimo. Saad bin Ubada (R.A.) alipofiwa na mama yake, alimuuliza Mtume (S.A.W.) kama sadaka itamfaa, na alipoambiwa ndiyo, akaitoa bustani yake kwa ajili ya mama yake. Nasi, mimi na mdogo wangu, tumetoa sehemu ya mafungu yetu kwa nia ya baba, kusaidia wagonjwa wasio na nauli ya kwenda hospitali usiku. Tumetoa katika yetu tu, kwa sababu mtu hawi mkarimu kwa fungu la dada yake.

Basi ndugu msomaji, rudi nyumbani utazame. Kuna nini uani, stoo, au juu ya kabati, kilichobaki kwa marehemu na ambacho wewe umekishika kwa jina la kumbukumbu? Jiulize maswali matatu. Ni cha nani? Wenzako wanaijua thamani yake kama unavyoijua wewe? Na ukifa usiku wa leo, watoto wako watakirithi kama mali yako, au watarithi deni lako la Akhera? Ukiwa na jibu, usisubiri Idi ijayo. Waite wenzako wakiwa hai.

Mimi nimechelewa kwa mmoja. Nimewalipa warithi wake, lakini neno la radhi lilikuwa lake yeye, na sasa nitalisubiri mbele ya Mola wetu siku ambayo hakuna dinari wala dirhamu. Ewe Mola wetu, msamehe dada yetu, mpanulie kaburi lake, na umridhishe kwangu kwa fadhila zako, hakika mimi nilijidhulumu nafsi yangu. Utukinaishe na halali yako, na usituache tukala haki ya mtu tukaiita mapenzi. Amin.

Wabillahi tawfiq.